Nguo Nyeupe Zinakauka Ndani

Kisangani, 12 Agosti 1964

Kifaransa tumekizika. Jana papa, baba yangu, alichimba shimo nyuma ya banda la kuku, akatia ndani ya debe cheti changu cha shule ya masista, tai zake, na karatasi zote zenye muhuri wa ofisi ya ardhi. Akafukia, akawarudisha kuku juu yake. Ndiyo maana naandika Kiswahili. Wakikuta daftari hili nitasema ni sala.

Ni wiki sasa tangu waasi wanaojiita Simba waingie mjini. Walipita katikati ya barabara wakipunga matawi ya michikichi, na askari wa serikali wenye bunduki wakakimbia mbele yao kama watoto waliosikia ngurumo. Sasa mji ni wao. Wanatafuta makarani, walimu, kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti akiandika. Papa ni karani tangu kabla sijazaliwa. Amefunga madirisha ya chumba chake, anakaa humo amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Boti ya Léo, mji mkuu, haiji tena. Sabuni imebaki kipande kimoja, chembamba kama ulimi wa mbuzi.

14 Agosti

Évariste ameenda kujiunga na Simba. Mdogo wangu, ana miaka kumi na saba. Hakumuaga mtu. Mama hakulia, alifagia uwanja, akamaliza, akaanza tena.

Papa alisema kwa sauti ya chini nyuma ya dirisha: "Kichwa yote ilienda kwa Agathe. Yeye alipewa miguu tu. Bon, ameitumia."

Maneno hayo juu yangu na mdogo wangu huyasema tangu Évariste aliposhindwa mtihani wa mapadri, tena huyasema mbele ya wageni. Zamani nilicheka. Leo sikucheka, lakini sikumkatalia.

20 Agosti

Wamemchukua papa Désiré, aliyefanya kazi ofisi moja na papa, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hakuna aliyemtaja. Vijana walikuwa wanapita tu, wakaona mashati meupe kwenye kamba uani kwake. Mmoja akauliza, "Karani ya hii nyumba iko wapi?" Mkewe bado ameshika vibanio mkononi.

Hajarudi. Hatarudi.

Mama ameanua kila kitu cheupe. Kuanzia leo nguo nyeupe zinakauka ndani, kwenye kamba juu ya kitanda cha papa.

22 Agosti

Mvua. Papa ameuliza kama shati lake la Jumapili liko tayari.

30 Agosti

Kipande cha mwisho kimekwisha. Kwenye duka la Mgreki kimebaki kisanduku kimoja, na bei anayotaja ni ya kufukuza watu. Papa hana mshahara. Nimeamua kutengeneza mwenyewe.

Sista wa kemia alitufundisha: mafuta, magadi makali, moto. Magadi ya dukani hayapo, majivu yapo. Mama aliomba maganda ya ndizi kwa majirani wote, tukayakausha juu ya bati, tukayachoma. Majivu nikayajaza kwenye debe lenye matundu, chini nimetandika majani makavu, juu nikamwaga maji taratibu. Yanadondoka meusi kama chai iliyosahaulika jikoni. Ukitaka kujua nguvu yake unachovya unyoya wa kuku. Ukiyeyuka, yanafaa. Wa kwangu uliyeyuka, na ngozi ya kidole changu nayo ikaanza kuteleza.

Nilichemsha na mawese mchana kutwa, nikamimina kwenye kibati, nikasubiri igande. Haikuganda. Mama Kadidja, jirani yetu muuza samaki, alikuja, akainama, akanusa.

"Mademoiselle, hii iko sabuni ao iko pondu?"

"Ni sabuni, mama."

"Ah bon! Kumbe njo hii masista walikufundisha, kupika pondu ya kuoga!"

Alikicheka kisamvu changu mpaka kilemba chake kikaanguka. Lakini alipaka kidogo kwenye kilemba hicho, akasugua, akaona povu. Kisha akaomba bakuli.

Nimekumbuka sasa, kwa hasira: majivu ya ndizi hayatoi sabuni ya mche. Inabaki laini siku zote, labda uitie chumvi nyingi, na chumvi nayo imekwisha mjini. Nilipata alama za juu katika somo hilo. Nilikariri, sikuelewa.

6 Septemba

Évariste amekuja.

Ngozi ya mnyama kichwani, chale mbichi kwenye paji la uso, zimepakwa kitu cheusi. Harufu yake ilifika kabla yake. Munganga wao amewamwagia dawa, eti risasi ikifika kwao inakuwa maji. Lakini dawa ina masharti: wasimguse mwanamke, wasipokee kitu mkononi mwake, wasioge, na shati lililomwagiwa dawa lisifuliwe.

Mama alimkimbilia. Évariste akaruka nyuma kama aliyekanyaga kaa la moto.

"Usiguse, mama! Usiguse!"

Mama alisimama mikono imefunguka. Kisha aliweka sahani ya wali chini, akarudi nyuma mpaka mlangoni, ndipo mwanawe akala.

Alipokuwa anaondoka alisimama barabarani akapaza sauti, wenzake na majirani wasikie: "Hii nyumba iko ya Simba! Mutu asiingie!"

Tangu leo papa yuko salama. Anakingwa na yule aliyepewa miguu tu. Wakati wote huo papa alikuwa nyuma ya dirisha, kitambaa puani.

15 Septemba

Sabuni inatoa uchafu lakini inaacha rangi ya mawese. Papa alinyoosha shati kwenye mwanga wa mlango.

"Agathe, hii chemise iko ya karani ao ya mupishi?"

"Hakuna anayekuona, papa."

"Mimi ninajiona."

Jibu hilo nililipenda kwa saa nzima. Kisha nikalichukia. Nimejifunza kuchoma mawese kwanza, kwenye moto mkali, mpaka wekundu wake ufe na yawe kama maji ya dhahabu. Moshi wake unakaba. Nimeungua kiganja. Shati limekuwa jeupe.

27 Septemba

Mvua. Majivu yamelowa, maji yake hayana nguvu, unyoya umetoka mzima.

4 Oktoba

Watu wanakuja na bakuli. Wanaleta mchele, muhogo, na mama Kadidja analeta samaki wa Wagenia, wavuvi wa maporomokoni, kisha tunawapa sabuni kwenye majani ya mgomba. Tunakula vizuri kuliko wakati papa alipokuwa kazini. Hakuna anayelisema hilo mezani.

Évariste huja Jumapili. Anakaa mwisho wa uwanja, nje ya baraza.

"Papa iko?"

"Iko analala," mama anajibu.

"Kila dimanche analala."

"Amechoka."

"Amechoka na nini, mama?"

Tulimsikia papa akikohoa ndani. Évariste alitabasamu, akala wali wake.

18 Oktoba

Leo nilikuwa nakoroga sufuria ya sabuni, Évariste amekaa kwenye kinu kilichopinduliwa, hatua nyingi kutoka kwangu, kama sharti linavyotaka.

"Yaya, kwa nini maji peke yake haitoshi? Kwa nini mafuta inatoa mafuta?"

Mimi yaya wake, dada yake mkubwa, nilimweleza kama nilivyofundishwa, kwa maneno ya Kifaransa yaliyozikwa. Alinisikiliza, kichwa upande.

"Alors," akasema, "sabuni inashika mafuta na mukono moja, inashika maji na mukono ingine, halafu inaondoka nayo."

Wasichana niliosoma nao hawakulielewa hilo mwaka mzima. Mimi mwenyewe nililielewa nilipomsikia. Niligeuka kutazama dirisha la papa, na kwa mara ya kwanza nilitamani lipigwe jiwe.

Kisha akaniambia, bila kuulizwa, kwamba kwenye barabara ya Ikela wamekufa vijana wengi.

"Risasi haikuwa maji?"

"Kapiteni anasema waligusa mwanamuke. Kila mutu mwenye kufa, aligusa mwanamuke." Alitema mate. "Amuri alikuwa na miaka kumi na ine, yaya. Angegusa mwanamuke gani? Mama yake?"

6 Novemba

Mji wa Kindu umeanguka, serikali imeuchukua. Vijana wanarudi bila kofia, bila nyimbo. Mvua usiku na mchana. Juu ya kitanda cha papa mashati yananuka ukungu, nimeyafua upya.

8 Novemba

Nataka kuandika hili kwa utaratibu, maana kesho nitaanza kulibadilisha.

Évariste alikuja mchana. Safari hii hakukaa mwisho wa uwanja, alikuja mpaka barazani, chini ya dari, pale ninapofulia. Alivua shati lake. Lilikuwa gumu kwa jasho na dawa, ungeweza kulisimamisha. Akalitandaza kwenye ukingo wa beseni langu.

"Kesho asubui kamyo inatupeleka mbele," alisema. "Usiguse hii chemise, yaya."

"Sigusi."

"Mwanamuke akiiosha na sabuni, dawa yote inakufa. Mutu bila dawa, kapiteni hawezi kumupandisha kamyo."

"Nimesikia."

"Hata iwe dada yake. Hata iwe sabuni ya nyumbani."

"Évariste, nimesikia. Mimi si mtoto."

Alinitazama kwa uchovu, vile mwalimu anavyomtazama mwanafunzi mwenye alama nzuri ambaye leo hataki kuelewa.

"Bon. Niko nalala kidogo. Chemise iko hapa. Karibu na maji."

Akajilaza kwenye saruji, akanipa mgongo. Mgongo mwembamba, mbavu zinahesabika. Hakulala. Nilijua hakulala. Na hapo, polepole mno kwa mtu aliyesoma kama mimi, nikaelewa nimeombwa nini. Simba hawezi kusema anaogopa. Lakini mwanamke mjinga anaweza kumharibia dawa.

Dirisha la papa likafunguka kidogo.

"Agathe." Alinong'ona. "Ukiosha ile chemise, mutoto haiko Simba tena. Na asipokuwa Simba, hii nyumba iko ya karani."

"Papa, wanamupeleka kufa."

"Na mimi? Mimi wananipeleka wapi?"

Évariste alisikia. Mabega yake yalikaza, lakini hakugeuka. Mama alitoka jikoni. Hakunitazama mimi wala dirisha. Aliweka kibati cha sabuni miguuni pangu, akamimina ndoo ya maji kwenye beseni, akarudi jikoni.

Nikafua. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili ya kahawia, ya tatu kijivu. Nilisugua kola, kwapa, mishono, nilisugua kama ninayeosha maiti ili iamke. Sijawahi kufua kitu kikatakata namna ile. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Alipoinuka aliliona, akaruka, akapiga kelele mtaa mzima usikie: "Yaya, umeniua! Umeua dawa! Umeniua!" Mama Kadidja alitoka mbio. Évariste alilia machozi ya kweli, na juu ya machozi hayo macho yalinishukuru. Akavaa shati likiwa bado linadondosha maji, akaenda kambini kushtaki kwamba ameharibiwa na mwanamke.

Papa hajala. Tunasubiri.

9 Novemba

Mama Kadidja alikuwa sokoni malori yalipopita. Alikuja moja kwa moja kwetu, bila mzaha.

"Nimemuona. Walimusimamisha mbele ya watu. Kapiteni alimuuliza, nani alikuosha? Akasema, nilijiosha mwenyewe, nilisahau. Munganga akachukua maji ndani ya kopo, akamumwagia kichwani, akasema maneno mbili. Imekwisha! Chai haiwezi kuiva mbio namna ile. Dawa ni mupya."

"Na kisha?"

"Kapiteni akasema, mwenye kuvunja sharti, njo anatangulia. Akamupandisha kamyo ya kwanza." Alishika mkono wangu uliobabuka. "Alikuwa safi, binti yangu. Kati ya wote, yeye tu alikuwa safi."

Hakunitaja. Alisema alijiosha mwenyewe.

Nilikuwa nimefikiri namtega kapiteni kwa ujinga wake wa kuamini dawa. Hata Évariste alifikiri hivyo. Kumbe kapiteni hakuwa anaamini dawa kuliko sisi.

10 Novemba

Hakuna aliyekuja kumchukua papa. Amekula.

17 Novemba

Mvua. Sijatengeneza sabuni. Mama anaweka sahani ya wali mwisho wa uwanja, jioni anawamwagia kuku.

24 Novemba

Alfajiri ndege nyingi, chini sana. Kutoka upande wa uwanja wa ndege watu waliteremka angani kwa miavuli kama nguo zilizoanuliwa na upepo. Bunduki mpaka mchana. Tulilala chini ya kitanda cha papa, mashati yananing'inia juu yetu.

Simba wamekimbilia msituni. Jioni papa alitoka kwenye baraza. Alifumba macho kwa mwanga.

27 Novemba

Askari wa serikali wamerudi, wale wale waliokimbia, sasa wana hasira ya waliokimbia. Wanaingia nyumba kwa nyumba kutafuta Simba. Wanashika vijana, wanawavua kofia, wanatazama chale. Mwenye chale hafiki kambini.

Papa alifukua debe. Alivaa shati nililofua, akafunga tai, ingawa ina madoa ya udongo, akasimama mlangoni kuwapokea. Sajenti alifurahi kuona mtu wa namna hiyo. Alimuuliza kwa Lingala ana watoto wangapi.

"*Moko kaka*," papa alijibu. "*Mwana mwasi.*" Mmoja tu. Msichana.

Hakutikisika sauti. Mama alikuwa nyuma yake, ameshika fremu ya mlango. Sajenti alinihesabu kwa macho, akaandika kwa chaki juu ya mlango wetu, akapita.

Papa alipogeuka alisema, "Nimewaokoa." Ni kweli. Wangechoma nyumba. Nimejaribu siku nzima kutafuta jibu lingine ambalo angeweza kutoa, na sikulipata, na bado siwezi kukaa naye chumba kimoja.

29 Novemba

Sajenti amerudi kuuliza nani anafua nguo za karani. Papa alisema kwa fahari: "Binti yangu. Anatengeneza hata sabuni yake." Wameleta furushi la sare.

3 Desemba

Sare. Madoa mengine najua ni ya nini. Sabuni yangu inayatoa vizuri. Wanalipa kwa sardini.

9 Desemba

Hakukuwa na mvua leo. Sajenti alikuja na sare aliyovaa, akaivua, akakaa kwenye kiti chetu barazani na singlendi, bunduki magotini, akisubiri ikauke kwenye kamba uani. Sasa tunaanika nje. Papa alikaa kando yake na gazeti kuukuu. Mama alikuwa jikoni anatwanga pondu. Mimi nilikuwa kwenye beseni.

Kijana alitokea upande wa banda la kuku. Kofia ya sufu imevutwa mpaka kwenye nyusi, miguu imevimba, mdomo umepasuka. Alikuwa ameshaingia uwanjani alipomwona askari. Kurudi nyuma kungemtangaza. Akaendelea kutembea.

Papa alimtambua kabla yangu. Niliona gazeti likitulia.

"Unatafuta nani, kijana?" akauliza.

Sajenti akainua kichwa.

Kinu cha mama kilipiga mara moja. Évariste alimtazama baba yake, shati, tai, bunduki iliyo kando yake. Niliona anaelewa. Siku zote alielewa upesi.

"Nasikia munauza sabuni hapa, papa," akasema.

Mzee yeyote mjini huitwa papa. Aliweza kulisema.

Kinu kikanyamaza.

"Muulize binti," papa akasema. "Yeye njo anauza."

Akanijia. Nilichota sabuni, nikachota tena, nikafunga kwenye jani la mgomba, nikafunga tena. Nilitaka kutia humo mchele, sardini, viatu, jina lake. Sajenti alikuwa anatutazama.

"Ya kwanza ni bure," nikasema. "Ya kujaribu."

"Aksanti, yaya."

Sajenti alicheka, akamwambia papa kwa Lingala kwamba huyo kweli ana haja ya sabuni, ananuka mpaka hapa. Papa naye akacheka. Kicheko kifupi, kikavu, lakini kilikuwa kirefu vya kutosha kumfikisha Évariste kwenye njia. Hakukimbia. Alishika njia ya kushuka mtoni.

Kinu kilianza tena, kwa nguvu. Kilipiga mpaka sare ikakauka, mpaka sajenti akavaa, akafunga vifungo, akasifu, akaondoka.

Ndipo mama akatoka, mikono kijani.

"Nani alikuja?"

"Mutu ya sabuni," papa alisema. Gazeti lilikuwa mbele ya uso wake.

"Atarudi?"

Papa alikunja gazeti, akalikunjua, akalinyoosha juu ya goti kama shati.

"Agathe alimupa mingi," akasema. "Itamutosha."